Chuma kwa Nurdini, Mpini kwa Benedikto

Sogeeni, wanangu, na wewe Nurdini mpwa wangu usikae mlangoni kama mgeni, maana sauti niliyobaki nayo haifiki mbali. Padre amekwisha nipaka mafuta, na sitaki kwenda mbele za Mungu nikiwa nimeacha damu nyuma yangu. Ya kwanza imekwisha mwagika: kovu liko mkononi mwa Nurdini, na kisu kilichomkata ni changu.

Nilikinunua mwaka ule biashara ilipofunguliwa, Masasi ikajaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu. Nilikikuta kwenye gunia la Bwanali, mtani wangu Myao, kisu cha kukunja cha kizamani, bei ya kutupa, chuma kimeliwa na kutu, mpini umepasuka. Nikamwambia, "Hiki hakikunjuki." Akajibu, "Mzee, kimepiga magoti, kinangoja Mkristo wa kukiombea. Ila ninyi Wamakonde mkipata kisu mnachonga sanamu, kulima mnasahau." Nikacheka, nikakichukua.

Benedikto, ulikuwa nami. Tuling'oa msumari wake, tukasugua chuma kwa ndimu na majivu hata kutu ikaachia, tukakinoa, nami nikachonga mpini mpya wa mpingo. Hapo pupa ikaniponza. Niliupaka mafuta makali ya maganda ya korosho; hulinda mti, mchwa hawausogelei, lakini sharti uyaache juani hadi yasinate. Mimi nilikishika siku ileile, viganja vikababuka hata nikashindwa na jembe. Nani alinilisha? Dada yangu Sijaona, mama yako Nurdini, alinimegea ugali akanitia kinywani kama kinda. Na jembe langu nani alilishika? Wewe Benedikto. Baadaye kwa kisu hicho tukabebesha mikorosho ya hapa Makote, sote watatu, mimi nanyi wawili, tukifunga kikonyo cha mti mzuri juu ya mche mnyonge hadi vishikane.

Kisha nikanyamaza, Mungu anisamehe. Desturi yetu inasema mrithi ni mpwa, moyo wa baba unasema mwana, nami nikaogopa kusema, nikawaachia ninyi mseme. Ulimi hauna mfupa. Benedikto ukasema, "Wewe hulimi, unasubiri matanga ya mjomba urithi." Nurdini ukajibu, "Nenda kadai kwa wajomba zako, hapa wewe ni mtoto wa mke tu." Na kisu kilikuwa wazi mkononi mwa Benedikto, kwa kazi ya kubebesha. Mengine mnayajua.

Watu husema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Ninyi msipopatana hakuna atakayelima. Majani yatapanda hadi matawini, na moto wa kiangazi mmoja utakula yote, ya mpwa na ya mwana.

Basi shikeni neno langu. Mikorosho ya juu ya njia ni ya Benedikto. Ya chini, hadi kaburi la mama yangu, ni ya Nurdini, na Sijaona ale humo mpaka kufa kwake. Winfrida binti yangu, nyumba hii ni yako, asikutoe mtu. Kisu sikuweza kumpa mmoja, kwa hiyo jana niliung'oa tena ule msumari. Chuma nimempa Nurdini, maana aliyekatwa ndiye ashike makali. Mpini nimempa Benedikto. Tangu jana mmevitia mifukoni, na hamjatazamana.

Sitaki ahadi. Ahadi za kitandani ni uji wa mgonjwa, hazikai tumboni. Msumari uko kwenye kifuu pale dirishani, nyundo iko chini ya kitanda. Kiungeni hapa, nisikie. Mmoja ashike, mwingine agonge, wala msikaze mno, kikikazwa mno hakifunguki. Kila mwaka wakati wa kubebesha ukifika, kishikeni pamoja.

Winfrida, niinue kidogo. Hapana... niache tu. Macho yameingia ukungu. Wameinuka?

Nizikeni karibu na mama yenu Agatha, bila makuu. Mungu, yule yule mnayemwomba, huyu kanisani, huyu msikitini, awape mvua kwa majira yake, awape watoto watakaowazika, awatoe uchungu rohoni kama tulivyotoa ile kutu... polepole... kwa majivu. Nimewasamehe. Nisameheni.

Gongeni basi. Nasikiliza.

Nurdini... Benedikto... mbona sisikii nyundo.