Shati Jeupe Mbele ya Kamati

Benchi letu liko kati ya saluni ya Kinyozi na kibanda changu cha kushona viatu, na jioni hiyo lilijaa kuliko siku ya mechi. Mchana redio ilikuwa imetangaza kwamba bunge limepitisha sheria ya mto. Hakuna kiwanda kitakachomwaga uchafu wake humo tena, na kile cha ngozi, kule juu, kimefungwa mpaka kijenge mtambo wa kusafisha majitaka. Tuliandamana miaka, tukala mabomu ya machozi, tukarudi tena. Sasa tumeshinda, hatujui furaha tuiweke wapi. Tukaanza kubishana.

— Wamekubali kwa sababu uchaguzi uko mlangoni, akasema Kinyozi.

— Wapi, akasema Bondia, fundi wetu wa kuchomelea vyuma. — Mama mkwe wa waziri alioga maji ya bomba, yaleyale ya mtoni, akatoka vipele mwili mzima. Mkwe akinuna, hata serikali hailali.

— Vipele tu? akadakia muuza kahawa wetu. — Mimi nasikia spika aliota mto umeingia bungeni, umekalia kiti chake.

— Uliingia na kitambulisho? akauliza Kinyozi.

— Wewe cheka. Mwenzio aliamka akakuta viatu vimelowa.

Hapo akafika Dobi, shangazi yake Kinyozi. Alifulia mtaa mzima, mpaka mto ulipobadilika rangi na wateja wakamkimbia. Ndiye tuliyemtuma akatusemee mbele ya kamati ya bunge. Tukampisha katikati, muuza kahawa akammiminia.

— Shangazi, tukate huu ubishi. Ni uchaguzi au ni mkwe?

Akapuliza kikombe kwanza.

— Mimi sijui. Waliponipa nafasi ya kusema, maneno yalinikauka. Nikaona bora nifanye ninachokijua. Nilikuwa nimebeba beseni, dumu la maji ya mto na shati jeupe. Nikafua palepale.

— Wakakuacha?

— Askari alinijia. Mwenyekiti akamwambia, mwache mama amalize. Nikasuuza, nikakamua, nikalitandaza mezani kwao. Limekuwa la rangi ya kutu. Nikamwambia mwenyekiti, haya mwanangu, livae uende nalo nyumbani.

— Wakacheka?

— Hakuna aliyecheka.

Bondia alikuwa anatazama viganja vyake. Kitindamimba wake alikaa hospitali muda mrefu, ngozi imejaa vidonda.

— Mwanangu alikuwa anaogea hayo maji, akasema.

Shangazi akamwekea mkono begani.

— Basi, baba. Amepona, na vidonda havitamrudia.

Bondia akashusha pumzi ndefu, nasi tukajikuta tumeshusha zetu. Pembeni alisimama mpangaji mpya wa mtaani, dada mmoja aliyekuja kuchukua viatu vyake. Akasema kwa upole:

— Samahani jamani. Huu mto unaanzia wapi?

Bondia akanyoosha kidole kuelekea milimani, kisha akakishusha.

— Huko juu, nikajibu mimi.

— Juu wapi?

Shangazi ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akaweka kikombe chini asijimwagie.

— Miaka yote hii tumempigania mtu, akasema, na kwao hatukujui.

— Jumapili, akasema Bondia, akipangusa macho. — Tufuate maji hivyohivyo kupanda, tukapige hodi.