Karatasi ya Pembeni kwa Mama Zamda

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi. Profesa Bonaventura, mwenyekiti wa bodi ya kituo chetu. Wazee wangu mliotoka Magoma na Kerenge, shikamooni. Ndugu wafanyakazi wenzangu. Mzee Athuman, mume wa mhusika, shikamoo na pole, maana kuanzia Jumatatu mama atashinda nyumbani na atakagua kila kitu. Na wewe mwenyewe, mama Zamda Mhina, uliyekaa hapo mbele umekunja mikono ukisubiri nikosee jina la mmea: nawasalimu nyote kwa heshima.

Mkuu wa kituo anapomuaga mfanyakazi, kwa kawaida husema alikuwa mchapakazi, aliwahi kazini, tutamkumbuka. Watu hupiga makofi, chakula huja. Hayo yote ni kweli juu ya mama Zamda, na harufu ya pilau naisikia hadi hapa. Lakini nina jambo nimelibeba miaka sita. Nisipolisema leo, mbele yake na mbele yenu, nitalisema lini?

Kwa wageni wasioijua kazi yetu: sisi hapa Korogwe tunakusanya mimea, tunaibana katikati ya magazeti, tunaikausha, tunaibandika kwenye karatasi ngumu, na chini tunaweka lebo inayosema ni mmea gani, umetoka wapi na nani aliukusanya. Mama Zamda alikuja hapa miaka thelathini na moja iliyopita kama mfagizi. Akapewa kazi ya kubadilisha magazeti kila asubuhi, kwa sababu ukiyaacha na unyevu maua huota ukungu. Wengine wangebadilisha tu. Yeye alikuwa akitazama. Ukimwuliza nani alimfundisha botania, anakujibu, "Maua yenyewe."

Sheria zake wote tunazijua, maana wote tumeshakaripiwa. Andika kwa penseli, wino haupatani na mvua. Usiandike kwa kukumbuka, andika ukiwa unautazama mmea. Na lebo ikionekana ina kosa, usiifute wala usiichane: bandika karatasi ndogo pembeni yake, andika sahihisho, jina lako na tarehe, ili atakayekuja aone tulipopita. Naomba mwikumbuke hiyo karatasi ya pembeni.

Miaka sita iliyopita nilikuwa mgeni hapa, shahada yangu bado mbichi. Mvua za masika zilipokwisha, mama Zamda akanipeleka Hale, kwenye miamba yenye majimaji kando ya Mto Pangani. Tukakuta kimea chembamba, shina la pembe nne, majani yakitazamana mawili mawili, na kila jozi imekaa msalaba na jozi iliyo chini yake. Ua lake dogo, la rangi ya waridi. Matumba yake yalikuwa yamejisokota kama mwavuli uliofungwa. Nikatafuna jani, likawa chungu.

"Familia ya jenshiana, mimea ya majani machungu," nikasema kwa kujidai.

"Ndiyo, mwanangu," akasema mama. "Na ule mti wa mabondeni kule Usambara, ule ambao jani lake moja linamfunika mtoto, nao ni familia hiyo hiyo. Zamani wataalamu waliuweka kwa watu wengine, baadaye wakaurudisha kwao."

Nikashangaa. Kimea cha kuchuma kwa vidole viwili kiwe na undugu na mti mzima? Akanitazama mimi, Mmasai mrefu wa Handeni, halafu akajitazama yeye, Mzigua asiyefika begani kwangu. "Undugu hautazamwi kwa kimo," akasema, na siku hiyo nikaacha kumwita Bi Zamda, nikaanza kumwita mama.

Nilimhitaji mama mwaka ule. Mama yangu mzazi, Naitoi, tulikuwa tumemzika miezi mitatu kabla.

Ua lilipokauka nikalichunguza peke yangu. Petali nne, sawa. Stameni, yaani vile vijiti vyenye chavua, nikaona moja tu. Nilivyojua mimi, zilitakiwa ziwe nne. Moyo ukaruka: hii ni spishi mpya! Na aliyeigundua ndiye anayeipa jina. Nikaipa jina la mama yangu. Nikampigia baba, mzee Salaash Lenku, yule pale nyuma mwenye shuka jekundu. Baba akasema, "Ua la Naitoi? Nitachinja dume." Akalichagua siku ile ile.

Makala nikaiandika kwa wiki moja. Nilipokuwa tayari kuituma kwenye jarida, mama Zamda akaingia ofisini na chupa ya chai. Nikatafuta vikombe. Kumbe ndani kulikuwa na maji ya moto matupu. Akamimina kidogo kwenye kisosi, akaweka ua moja kavu.

"Tusubiri lilainike," akasema. "Ua kavu halisemi yote."

Akalifungua kwa sindano mbili. Stameni ile moja ilisimama, ndefu. Chini yake, zimegandamana na ukuta wa ua, zilikuwapo nyingine tatu, ndogo mno.

"Hesabu."

Nikahesabu. Nne.

"Hesabu na wewe, mama," nikamwomba.

Naye akapata nne. Moja kubwa, tatu ndogo: hiyo ndiyo alama ya mmea uitwao Canscora, uliopewa jina kabla babu zetu hawajazaliwa. Mimi na shahada yangu nilikuwa nimeipita alama yenyewe.

"Umejua lini?" nikamwuliza.

"Tangu Hale. Nililifungua moja bichi pale pale mwambani, nikaandika kwenye daftari. Nilidhani na wewe umeona. Halafu nikasikia umelipa jina la marehemu, nikashindwa kusema. Wiki nzima nimeshindwa."

Nililia, ndugu zangu. Akanishika mkono akaniambia, "Ua halijaenda popote. Liko Hale, masika yakiisha litachanua. Kilichokosewa ni karatasi tu."

Makala nikaiondoa. Na Profesa, kwa wema wako, ukaniandikia barua ya sifa: mtafiti kijana mwadilifu, aliyejikagua mwenyewe. Barua ile ilisomwa katika ukumbi huu. Mama Zamda alikaa safu ya tatu akapiga makofi. Mimi nikanyamaza, na kwa barua hiyo nikapanda hadi kiti hiki. Profesa, naomba radhi. Sikujikagua. Nilikaguliwa.

Mwezi uliopita mimi na Muhsin, atakayeshika kazi ya mama, tulifungua makabati yote. Mnajua lebo zinasemaje? Jina la mkuu wa safari, kisha: na wengine. Nani alipanda mwamba? Wengine. Nani aligeuza magazeti na homa yake mwilini? Wengine. Miaka thelathini na moja mama Zamda ameitwa wengine.

Hatukufuta kitu. Tulichukua madaftari yake, kwa sababu angetuuliza "umeona wapi?", na pembeni ya kila lebo ya safari aliyokwenda tukabandika karatasi: Aliyekusanya, Zamda Mhina.

Baba naye, ambaye miaka yote sita alijua tu kwamba jina halikupita, nimemweleza ukweli wote wiki iliyopita. Akaniuliza, "Mama huyo alikuambia ukweli huku mwenyewe anaumia?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi huyo ndiye wa kuchinjiwa." Dume lililoponea mwaka ule, wageni wetu, ndilo lililo kwenye pilau.

Imebaki karatasi moja. Ile ya Hale, yenye kosa langu, hii hapa mezani, na ua lenyewe bado lina rangi ya waridi kidogo. Ya pembeni nimeibandika lakini sikuiandika. Ningeandikaje? Aliyeziona stameni nne si mimi.

Penseli hii nimeichonga mwenyewe, mama. Njoo uandike ulichokiona, jina lako na tarehe ya leo. Hatuna haraka, pilau litasubiri.

Na kwa niaba ya wengine wote, ambao leo ndio sisi, nasema asante, mama yangu. Nanyi nyote mlionipa masikio yenu, asanteni sana.