Pasta wa Runinga

Kwenye treni ya kutoka Dandora, Hikma alimsikia mama mmoja akimsihi Kimemia, anayeigiza pasta kwenye runinga, amwombee bintiye aliyekuwa afanyiwe upasuaji siku hiyo.

"Mama, mimi ni mwigizaji tu. Nina digrii mbili za uigizaji."

"Pasta wetu hana hata moja, na tunamwitikia amina. Omba tu, mwanangu."

Kimemia akavua kofia, akaomba kwa ile sauti aliyoisomea chuo kikuu. Behewa zima likaitikia. Hata Hikma, Mwislamu wa Majengo, alijikuta akiitikia amina.

Treni iliposimama, mama aliinua kikapu chake, akamtazama Kimemia usoni.

"Asante. Lakini Jumapili kwa TV uliomba ukilia. Ya binti yangu mbona hukulia?"