Kitambaa cha Kitana

Ndugu, jamaa na majirani, dada yetu tunayemzika leo, ambaye wengi wenu mlimwita Kitana kwa sababu kitana hakikumtoka mfukoni, alizaliwa tarehe 4 Machi 1979, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu wa mpiga chapa na mshona mashuka ya hospitali.

Alianza shule ya msingi Januari 1986, na alipofika darasa la sita, wakati wa mitihani, utosi ukaanza kuota upara, mwalimu akasema ni mapunye, mama akamnyoa na kumpaka dawa, kisha siku moja akamfuma aking'oa nywele mwenyewe, akamchapa, na tangu hapo mtoto akajifunza kujificha, hadi akamaliza sekondari mwaka 1997 kichwa kikiwa ndani ya kitambaa.

Agosti 1999 aliajiriwa saluni iliyo mkabala na posta, na mkono wake ulikuwa mwepesi kiasi kwamba wateja walisinzia kitini wakaamka wamependeza, wakimtania kuwa fundi gani huyu asiyeonyesha kazi kichwani kwake, naye akicheka pamoja nao, kumbe roho inamuuma.

Tarehe 12 Juni 2004 aliolewa na fundi majokofu, shemeji yetu huyu aliyekaa hapa mbele, ambaye alipoigundua siri hiyo alikwenda dukani akamletea kitambaa kipya, na hilo, shemeji, hatutalisahau. Walijaliwa binti mwaka 2006 na mvulana mwaka 2010.

Kuhusu ugonjwa, familia imeamua kusema wazi, tumechoka kuficha. Dada yetu alitaka jambo moja tu, kuambiwa anaumwa nini, lakini daktari wa ngozi alimpa mafuta, mwingine akampa vidonge vya usingizi, watu wa maombi wakamwombea, na sisi tukamwambia aache tu, utadhani alikuwa anapenda. Mei 2021 daktari wa magonjwa ya akili, mama mmoja mpole, alimweleza kwamba zamani madaktari waliuweka ugonjwa huo wa kujing'oa nywele fungu moja na ule wa kuiba vitu mtu asivyovihitaji na ule wa kuchoma moto ovyo, ila sasa umehamishiwa kwa wenzake wa kweli, wa kunawa mikono bila kikomo, wa kukagua kufuli kila mara, wa kurundika vitu, wa kujichuna ngozi. Alirudi nyumbani uso umekunjuka, akasema kumbe hata ugonjwa wake una ndugu.

Lakini aibu ilimzuia kusema kwamba nywele hizo alikuwa pia akizimeza, na tumbo lilipoanza kumsokota, kliniki ya tumbo ikatibu vidonda bila kujua ya kliniki ya akili, hadi tarehe 9 Februari 2023 utumbo ulipoziba, akapasuliwa, likatolewa bonge la nywele, sumu ikiwa imeshaenea mwilini, na tarehe 11, alfajiri, akafariki.

Ameacha mume, mvulana na binti, ambaye ameturuhusu tuseme kwamba kitambaa alichofunga leo si cha msiba, kinaficha kile kile alichoficha mama yake. Mama yake alimpeleka kwa yule daktari wa magonjwa ya akili Januari mwaka huu, wakakuta amehamishwa, chumba chake kimekuwa stoo ya magodoro, wakarudi hivyo hivyo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani mliopika bila kuombwa, na wasusi wenzake mliofunga saluni ili mje kumsindikiza. Mikono yako itulie sasa, Kitana, pumzika kwa amani.