Besi ya Elius Njia Panda ya Makambako

Kamwene, wasikilizaji wapendwa. Kamwene mlioko Njombe mjini mmekumbatia vikombe vya chai. Kamwene Makambako. Kamwene na wewe uliye shambani Wanging'ombe, redio umeitundika kwenye kijiti. Sogeeni, nafasi ipo. Leo tunamkumbuka kijana mmoja, Elius wa Kitandililo, mtoto wa Mama Esnath. Mwaka umepita tangu apigwe risasi njia panda ya Makambako, siku ya maandamano.

Tuanze na sauti, maana Elius alifahamika kwa sauti kabla hajafahamika kwa sura. Alipokuwa anasoma shule ya bweni kule Kidugala, sauti yake ilivunjika. Dada yake, Brightness, anakumbuka: "Aliondoka anaimba na sisi wasichana. Likizo akarudi, akabisha hodi mlangoni, mama akadhani ni mchungaji. Akakimbilia kuficha vyombo vichafu!"

Kwaya ya usharika haikumwacha akapoa. Wakampa besi, sauti ya nne. Kuna wimbo wao wa mavuno ambao besi huanza peke yake, mstari mzima, wengine wakingoja. Mstari huo ukawa wa Elius.

Lakini kwaya haimlishi mtu. Elius akaenda stendi ya Makambako kupiga debe. Na huko, wasikilizaji wapendwa, akafanya jambo lililomchoma mama yake. Alichukua ule mstari wa kanisani akautia maneno ya kazi: "Njombe, Madaba, Songeaaa!" Abiria walicheka, wakapanda. Mama Esnath akipita na gunia lake la viazi alikuwa anageuzia uso kwingine.

"Nilimzaa aimbe kanisani," anasema, "si awe honi ya basi." Elius alikuwa anamjibu, "Mama, na ndani ya basi si kuna roho za watu?" Mama hakucheka. Mpaka leo anatamani angecheka, hata mara moja.

Ikaja siku ya maandamano. Vijana walitaka kura ya mtu ihesabiwe, na mtu aseme lililo moyoni bila kuangalia nyuma. Elius alitembea mbele. Nani mwingine angesikika hadi mwisho wa msafara? Alianguka njia panda, ng'ambo tu ya pale alipokuwa anaitia abiria. Hakuwa na kitu mkononi. Narudia, wasikilizaji: hakuwa na kitu mkononi.

Wakamzika Kitandililo. Lakini Mama Esnath alitaka alama pale alipoanguka. "Kaburi ni letu sisi wa ukoo," alisema. "Njia panda ni ya kila mtu, na yeye alikufa kwa ajili ya kila mtu." Akachukua jiwe shambani kwake, akaliweka pale na maua. Kesho yake halipo. Akaleta jingine. Nalo halipo. Nani kaondoa? Stendi ina midomo mingi, na kila mdomo ulikuwa na jibu lake, lakini majibu yote yalitolewa kwa kunong'ona.

Ndipo akamwendea Mwalimu Nathanieli, mwalimu wa kwaya.

"Mama Elius, tukitaja jina lake pale, kesho tutaitwa."

"Msitaje. Imbeni wimbo wa mavuno. Ule mstari wa besi uacheni mtupu. Anayemjua atamsikia."

"Na wakituuliza tunafanya nini stendi?"

"Aa, Mwalimu! Kwaya yenye sare na mabegi inafanya nini stendi? Si inangoja basi!"

Wakaenda, Jumapili baada ya ibada, na mabegi yao. Mwalimu akainua mkono. Kimya. Mkono ukawa unapiga mapigo hewani na hakuna anayeimba. Wauza mahindi wakanyamaza, makondakta wakageuka. Mama Esnath akafumba macho, anamngoja mwanawe aingie.

Sasa sikilizeni. Wapiga debe hawakujua mpango wowote. Walichojua ni ule mstari mmoja, waliousikia kwa Elius kutwa nzima. Wakaona kwaya ya watu, maskini, imesahau pa kuanzia. Wakaona waisaidie. Akaanza Amos, aliyekuwa mwenzake Elius wa kazi, sauti kavu kama debe tupu: "Njombe, Madaba, Songeaaa!" Wengine wakadaka. Waimbaji wakaduwaa. Mkono wa Mwalimu ukabaki juu. Macho yote yakaenda kwa mama, maana kimya chake kilikuwa kimevunjwa.

Mama Esnath akafumbua macho, akamfuata Amos.

"Umekosea."

"Nisamehe mama, tulidhani wamesa—"

"Umepumua kabla ya Songea. Mwanangu pale hakuwa anapumua. Rudia."

Amos akarudia. Akakosea tena. Mama akamshika bega, akamwonyesha yeye mwenyewe, kwa sauti yake ya kizee: Njombe, Madaba, Songea. Alikuwa anaujua wote! Siku zote zile, uso umegeuka, sikio lilikuwa linasikiliza. Amos alipopatia, kwaya ikaingia, sauti tatu juu ya besi ya stendi.

Jiwe halijarudi. Lakini ukishuka Makambako leo, basi la Songea linaitwa kwa mstari ule. Jiwe hubebwa likatupwa, ila nani atawakataza wapiga debe kuita basi? Brightness anasema mama akifika pale hutua gunia. "Namwambia, mama twende, giza litatukuta. Ananijibu, subiri, kuna lingine la Songea linakuja."

Mama Esnath, pole. Brightness, pole. Poleni wanakwaya, poleni watu wa stendi. Poleni na ninyi ambao wenu walitoka siku ile wakaacha chai mezani. Na sisi tuliobaki tujiulize: mtu aliyetoa sauti yake ili yetu isikike, tumemwekea nini ambacho hakiwezi kubebwa kikatupwa?

Mama Esnath alikuwa na ombi moja kwetu: kile kimya alichokikosa stendi, urefu wa mstari mmoja wa besi. Tunampa sasa hivi. Usizime redio, haijaharibika. Anayemjua atamsikia.