Papa Ignace, Mtu Aliyeketisha Magari

Ijumaa ya tarehe 28 Novemba 2025, saa nane mchana, fundi wetu mkuu wa usukani, springi na magurudumu, Ignace Kalenga, anastaafu baada ya kuitumikia gereji hii ya mtaa wa Observatory, Johannesburg, kwa miaka ishirini na saba na miezi minane. Katika muda huo hajawahi kuchelewa kazini isipokuwa mara moja, na siku hiyo alikuwa amesimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, akimweleza dereva asiyemjua kwamba tairi lake la mbele linaliwa upande mmoja.

Mkurugenzi wetu, Wayne, ameniomba nimwandikie wasifu katika jarida la wafanyakazi, tena kwa Kiswahili, kwa kuwa nusu ya gereji hutaniana kwa lugha hiyo. Yeye mwenyewe ameahidiwa tafsiri. Mimi ni Wamaitha wa mapokezi. Kwa miaka kumi na minne nimekaa upande wa simu na Papa Ignace upande wa grisi, tukitenganishwa na dirisha moja, na kila mteja aliyewahi kumkasirikia alipitia kwangu kwanza.

Alitoka Lubumbashi, alikokuwa fundi katika karakana ya treni, akafika Johannesburg mwaka 1998 na mkewe, Mama Jeanne, ambaye ni fundi cherehani. Kiingereza alikuwa hana. Alisimama langoni petu siku tatu mfululizo akiomba kazi kwa ishara. Siku ya tatu iliingia Mustang nyekundu ya mwaka 1967, na kabla mlinzi hajamzuia, Ignace alipiga magoti akapitisha kiganja juu ya tairi la mbele, kwenda na kurudi. Kwenda palikuwa laini, kurudi palikwaruza mkono. Akaonyesha kwa vidole viwili jinsi magurudumu yale yalivyokuwa yakitazamana badala ya kutazama mbele. Mama yake Wayne, Bi Carmel, ndiye aliyekuwa na gereji wakati huo. Akaja, akapitisha kiganja chake mwenyewe, akahisi. Ignace alipewa ovaroli mchana huohuo.

Kama hujui kazi yetu, ni hii: tunahudumia magari ya zamani yenye injini kubwa, yale yanayounguruma hadi vikombe vinacheza kabatini. Wenyewe wanapenda nguvu ya injini na mng'aro wa rimu. Kugeuka na kusimama huwa wanakumbuka baadaye. Papa Ignace ndiye aliyekuwa akiwakumbusha, kwa upole wa daktari na ukaidi wa punda. Gari linalotaka mikono miwili kwenye njia iliyonyooka, husema, ni gari linaloumwa. Huwafundisha wateja kwamba vipimo vya kitabu cha zamani viliandikwa kwa ajili ya matairi ya enzi hizo, na kwamba tairi la leo linataka gurudumu la mbele liinamishwe vingine. Mwaka 2016 tulipoletewa mashine ya kompyuta ya kupimia magurudumu, skrini iliwaka nyekundu kwenye gari lake la kwanza. Hakubishana nayo. Alichukua uzi wa Mama Jeanne wa cherehani, akauvuta kutoka ekseli ya nyuma hadi ya mbele, akapima, kisha akampa mteja funguo aende akajaribu. Mteja alirudi akicheka peke yake. Tangu hapo mashine na Papa Ignace ni marafiki, ingawa uzi bado uko mfukoni.

Lakini jambo litakalobaki na jina lake hapa ni kuketisha gari, nalo lilizaliwa na kosa.

Mwaka 1999 alimfungia mzee mmoja rimu pana kwenye Fairlane nyeupe ya harusi ya bintiye. Alipima nafasi kati ya tairi na madigadi kwa uangalifu wote, ila alipima gari likiwa tupu. Siku ya harusi wakaingia bibi harusi, wapambe wawili na shangazi wawili wasiokuwa wembamba. Springi za nyuma zikashuka. Kwenye mteremko wa kwanza ukingo wa madigadi ukalichana tairi. Hakuna aliyeumia, Mungu ni mwema, lakini bibi harusi alifika kanisani kwa gari la mikate. Papa Ignace aliposikia alikwenda kanisani na ovaroli yake, akasubiri ibada iishe, akaomba radhi mbele ya watu wote. Mzee yule alimsamehe na akampa keki. Yeye mwenyewe hakujisamehe upesi hivyo.

Tangu wiki iliyofuata, hakuna gari linalotoka humu na magurudumu mapya kabla halijaketi. Utaratibu wake wote mnaujua. Anabandika vidonge vya udongo wa watoto wa kufinyangia chini ya ukingo wa madigadi. Anamuuliza mteja ni nani hupanda gari hili. Kisha anaita kwa Kiswahili cha kwao, "Motokari ikale kwanza!" yaani gari liketi kwanza, na sisi sote tunaacha tulichokishika tunaingia ndani, wa mapokezi, wa stoo, mpishi wa chai, hadi uzito wa familia ya mteja utimie, huku yeye akiwa sakafuni na tochi, amelalia ubao wake wenye magurudumu madogo na mto alioshonewa na Mama Jeanne. Usukani unazungushwa mpaka mwisho, kulia na kushoto. Tunaambiwa turukeruke. Kidonge kikibonyea kikawa chembamba kuliko kidole chake cha mwisho, jibu ni hapana, na kadi ya gari haitiwi sahihi.

Nimeketi katika magari mengi mazuri namna hiyo, yote yakiwa yameegeshwa.

Wengi wanakumbuka kisa cha Cyrus, kijana Mkenya wa benki moja kule Sandton, aliyetaka rimu pana kama meza. Alidai hupanda peke yake. Papa Ignace akamuuliza mama yake akija kutoka Meru atapanda nini. Cyrus akatazama kiti cha nyuma. Akaambiwa amlete. Kweli mama akaja, Mama Kawira mwenyewe, na leso yake na mkoba wake, akakaa nyuma kati yangu na mlinzi. Vidonge vikawa chapati. Cyrus alikasirika mbele ya mama, na mama akamwambia kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Mzee amesema hapana, na wewe sema asante." Leo Cyrus ndiye mteja wetu mwaminifu kuliko wote, na kila Pasaka anamletea Papa Ignace sukari guru.

Sasa nije kwenye jambo ambalo yeye mwenyewe angependa nilipitie mbio.

Mei 2008 Papa Ignace na Mama Jeanne walikuwa wakiishi Alexandra, kitongoji cha hapa Johannesburg. Walipofukuzwa katika ghasia za kuwapinga wageni, walitoka na nguo walizovaa. Cherehani ya Mama Jeanne ilibaki kule. Kwa siku kumi na moja walilala katika stoo yetu, katikati ya matairi, na Bi Carmel akawaletea mablanketi na sufuria. Ndugu zao walipiga simu wakawasihi wapande basi warudi. Papa Ignace alikataa, na maneno aliyomwambia Bi Carmel bado yananukuliwa humu. Alisema atarudi Lubumbashi, lakini hatarudi kwa kufukuzwa. Atarudi siku aliyoichagua yeye, kwa gari alilolitengeneza yeye, na Jeanne ameketi mbele.

Mwaka uliofuata akanunua bodi la Valiant ya mwaka 1969, lisilo na injini, na panya ndani. Ametumia miaka kumi na sita, Jumamosi kwa Jumamosi. Tumeiona ikipata injini, breki, boksi ya stelingi, rangi ya bluu, viti alivyoshona Mama Jeanne. Safari ni ya zaidi ya kilomita elfu mbili. Tuliokuwa tukimtania kwamba kanisa letu litapata askofu mpya kabla ya gari hilo kupata taa tumetahayari, maana taa zinawaka na askofu ni yuleyule.

Oktoba mwaka huu, mijakaranda ikimwaga maua kwenye boneti, aliifungia Valiant ile rimu za kromu alizokuwa amezifunika blanketi kwa miaka sita. Pana, zinang'aa, ndoto ya ujana wake. Alipima mwenyewe. Alitangaza kwamba Valiant iko tayari, akamkabidhi kadi Sagesse aitie sahihi.

Sagesse ndiye atakayeshika nafasi yake. Ni binti wa Kikongo aliyekulia mtaa wa Yeoville hapa mjini, ana miaka thelathini na minne, kumi na mmoja kati ya hiyo ameipitisha sakafuni kando ya Papa Ignace. Kiswahili anakielewa chote na kukisema kwa vipande, akichanganya na Kizulu. Wateja wengine bado humtazama yeye na kuuliza fundi yuko wapi. Alitazama kadi, akatazama gari, akasema, "Papa, motokari ikale kwanza."

Tukacheka. Papa Ignace hakucheka. Lakini sheria ni yake, angeikwepaje? Alikwenda kumleta Mama Jeanne na mizigo yote ya safari: sanduku la vitambaa, vyombo, vifaa vyake vya kazi, na cherehani mpya ya chuma ambayo watu wawili huibeba wakiguna. Vyote vikaingia kwenye buti. Mama Jeanne akakaa mbele. Papa Ignace akashika usukani, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita alikuwa ndani ya gari na mtu mwingine akiwa sakafuni. Nilimwona dirishani. Hakujua aweke wapi macho.

Sagesse hutumia kidole gumba, kwa sababu kidole chake cha mwisho ni chembamba mno. Alipima nyuma kushoto, akapima nyuma kulia, akarudia. Akainuka, akapangusa mikono kwa muda mrefu kuliko grisi iliyokuwepo. "Eish, Papa," akasema. "Hapana. Siandiki jina langu hapa."

Alikuwa amepima gari likiwa tupu. Yeye, Papa Ignace, kosa lilelile la Fairlane, kwa sababu kromu ilikuwa imemjaa machoni na kwa sababu, nadhani, alikuwa amelitazama gari lile tupu kwa miaka mingi mno.

Siku tatu hakusema na Sagesse. Alikunywa chai peke yake nyuma ya kompresa. Alipendekeza mizigo ipunguzwe, cherehani ifuate baadaye kwa lori, na hapo Mama Jeanne, ambaye hapazi sauti, alitujibu sote kwa pamoja pale uani. "Mashini ya kwanza ilibakia Alexandra. Hii siachi." Sagesse naye siku hizo tatu alikuja kazini na macho mekundu. Aliniambia kwamba akitia sahihi atakuwa amempoteza mwalimu, na asipotia pia atakuwa amempoteza. Nilimpa mandazi.

Siku ya nne tulimkuta Papa Ignace amefika kabla ya mlinzi kubadilishana zamu. Alikuwa amefungua rimu za kromu peke yake, akarudisha zile nyembamba za chuma zilizokuja na bodi, amezipaka rangi nyeusi. Akampelekea Sagesse kadi kwa mikono miwili. Na yule binti, jamani, hakumhurumia hata kidogo: aliita cherehani, akaita sanduku, akamwita Mama Jeanne, akamrudisha Papa Ignace kwenye usukani, akaketisha gari upya kuanzia mwanzo. Vidonge vilibaki vinene. Akatia sahihi. Papa Ignace akashuka, akausukuma ule ubao wake wa kulalia kwa mguu, polepole, mpaka ukagusa kiatu cha Sagesse, na mto juu yake. Kisha akamwambia kwamba miaka yote alikuwa akiogopa kustaafu kwa sababu hakujua kama yupo mtu atakayeweza kumwambia hapana mteja anayempenda. Sasa anajua. Wayne alijifanya anatafuta spana.

Rimu za kromu tumezitundika ukutani mapokezi. Mteja akija kutaka rimu pana kama meza, nitamwonyesha hizo kwanza, halafu nitamwelekeza dirishani kwa fundi mkuu. Akiuliza fundi yuko wapi, nitamwambia amtazame tena yuleyule aliyemruka kwa macho.

Papa Ignace, gereji hii inakushukuru kwa matairi usiyoyaacha yachanike na kwa watu waliofika walikokuwa wakienda bila kujua kwamba ni wewe uliyewafikisha. Asante kwa hapana zako zote. Mama Jeanne, asante kwa uzi. Mungu awape barabara isiyo na mashimo, mpaka usio na foleni, na huko nyumbani kivuli cha kutosha kwa gari na kwa cherehani.

Ijumaa tutafungua lango saa nane kamili, Valiant itoke kwenda Lubumbashi. Tumezoea kuacha kazi na kuingia, lakini safari hii sote tutasimama nje, kwa kuwa wenye gari wameshakaa na uzito umetimia bila sisi. Gari limeshaketi, Papa. Endesha.