Nyonga za Kurithi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Michezo, Mwalimu Mkuu wetu, walimu, wazazi wenzangu mliofika mapema na nyinyi mlioingia sasa hivi mkitafuta viti vya mbele, vijana wa timu ya ushangiliaji, na zaidi ya wote Mama Kocha, ambaye tumekuja kumuaga na yeye anatutazama kana kwamba sisi ndio tunaoondoka: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa kimo cha cheo chake.

Kwa wasionijua, ingawa sidhani kama wapo, mimi ndiye fundi milango. Mlango wa ukumbi huu mliopitia ni kazi yangu. Ule wa chooni unaolia si kazi yangu. Na mimi ni mtu wa bahati. Wengine walizaliwa na mali, wengine na sura. Mimi nilizaliwa na nyonga. Nyonga laini kama siagi iliyosahauliwa juani. Ujanani nilikuwa napiga msamba bila kujiandaa, kama mtu anavyopiga chafya. Nimetembea, jamani, nimefanya kazi katika miji ambayo ukitamka majina yake lazima ufute mdomo, na kote huko watu walikuwa wakiniuliza kama nimetengenezwa kwa mpira. Shule sikukaa sana, lakini damu naijua. Maji hufuata mkondo. Kwa hiyo mkimwona binti yangu, yule pale mnayemwita Kabati, anaruka na kufungua miguu hewani mpaka vidole vinalingana na mabega, msijisumbue kuuliza kipaji hicho amekitoa wapi.

Namwona Mheshimiwa Mwenyekiti anatikisa kichwa kukubali. Namshukuru. Yeye ndiye aliyetuambia kwenye kikao cha wazazi kwamba atakayeishika timu baada ya Mama Kocha lazima awe mtu aliyezaliwa nacho. Na leo, tukishakunywa chai, kamati yake itaingia chumba kile cha pembeni kuchagua kati ya wasichana wawili waliomaliza shule na kubaki kumsaidia Mama Kocha: Springi na Kabati. Mimi ni baba wa mmoja wao, na baba ni wakili asiye na cheti. Nisikilizeni hivyo hivyo.

Nyinyi mnaokuja kwenye mashindano kwa ajili ya soda tu, niwaeleze mruko wenyewe. Unaruka, miguu inafunguka pande mbili na kupanda, kifua kinabaki juu, mikono imenyooka, halafu unatua miguu imekutana na magoti hayajakaza. Ukipiga chafya umeukosa. Binti yangu alipojiunga alikuwa akiruka wima na kutua wima, kama kabati linaloshushwa kutoka kwenye lori. Jina wenzake hawakulitafuta, lilijileta. Na akijitahidi sana alikuwa akiinama kuifuata miguu kwa mikono, kama mtu aliyeangusha funguo. Mama Kocha akamwambia mikono haiendi kumpokea mgeni njiani. Inakaa pale ilipo, miguu ndiyo inayokuja. Kabati akaja nyumbani analia, kwa sababu wageni wenyewe walikuwa hawaji.

Ningefanya nini, ndugu zangu? Mimi baba, tena mwenye nyonga zangu hizi? Nikamkalisha chini, mgongo ukutani, miguu kaitanua, nikaanza kuyakandamiza magoti yake. Niliona nafanya jambo la maana. Samaki mkunje angali mbichi, si ndivyo tulivyofundishwa? Kesho yake mtoto alikwenda mazoezini anatembea kama bata mwenye hasira.

Mama Kocha hakunipigia simu. Alikuja mwenyewe karakana, mchana, na filimbi yake shingoni. Mnamjua hasalimii kwa kirefu. Aliniuliza, “Fundi, mlango ukigoma kufunguka, unaupiga teke?”

Nikamwambia, “Hapana mama, naangalia bawaba.”

“Na mwanao umemwangalia wapi?”

Nikajitetea kwa yule samaki wangu. Akanitazama vile anavyotazama watoto waliokula kabla ya mazoezi, akasema, “Samaki anayekunjwa amekwisha kufa, fundi. Huyu yuko hai. Ukimsukuma, msuli unaogopa, na msuli ukiogopa unajifunga.”

Halafu, ndugu wageni waalikwa, mama huyu mnayemwona amejitanda kitenge kama mtu mpole, aliniamuru nikae chini, juu ya maranda, nitanue miguu na niiname mbele. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, akasema, lakini wahenga hawakueleza kiungo cha kuinamia. Wewe unainamia mgongo, inamia nyonga. Mimi nikainama kidogo tu, kwa makusudi, ili nisimwaibishe mwanamke wa watu kwa kipaji changu. Na alipoondoka nikabaki pale pale sakafuni kwa muda, kwa heshima. Mteja aliyekuja kuchukua dirisha lake alinikuta nimekaa vile, akauliza kama nimeangukiwa na kitu. Nikamwambia natafakari.

Toka siku ile nyumba yangu haikuwa nyumba tena. Kabati alifundishwa kupasha mwili moto kwanza, kisha kukaa kwenye mkao bila kudundadunda, akipumua, mpaka nyonga yenyewe iamue kuachia. Basi akahamia sakafuni. Alisoma sakafuni, alichambua mchele sakafuni, aligombana na kaka zake akiwa sakafuni miguu imeziba korido. Mama mkwe wangu, aliyekuja kututembelea, akaniuliza kama huyu ni mjukuu wake au kizingiti. Tulijifunza kumruka. Nathubutu kusema mimi na mke wangu tuliboresha miruko yetu kabla yake.

Mwisho msamba ukaja, mpaka chini kabisa. Tukafurahi. Kesho yake akaruka mazoezini, na miguu ikaishia pale pale ilipokuwa ikiishia siku zote. Mmewahi kumwona mtoto aliyefungua mlango kwa shida na kukuta ukuta nyuma yake? Alirudi akalala na viatu. Aliniambia anaacha timu, na mimi, niliyekuwa nimechoka kuruka korido, karibu nimwambie sawa mwanangu.

Mama Kocha ndiye aliyekataa. Alimweleza kwamba sakafuni uzito wa mwili ndio unaokuvuta chini, lakini hewani hakuna wa kukuvuta. Lazima paja lenyewe linyanyue. Nyonga laini isiyo na nguvu ni bawaba nzuri kwenye mlango usio na mtu wa kuufungua. Mfano huo niliutoa mimi, ila nampa yeye. Akamrudisha sakafuni tena, miguu kaitanua, viganja mbele yake, na kazi ikawa kuinyanyua miguu kutoka chini bila kuegemea nyuma. Mara ya kwanza ilinyanyuka kiasi cha kupitisha barua. Alikunja uso mpaka nikadhani anajifungua. Ila aliendelea, na siku miguu ilipopanda hewani na kukutana na mikono, mimi nilikuwa pale uwanjani. Mnaosema nililia, lile lilikuwa vumbi la mbao.

Sasa Springi. Simama kidogo binti yangu, usione haya. Huyu namsifu kwa moyo wote, kwa sababu nikimsema vibaya atanirukia kichwani bila kugusa kofia. Huyu hakufundishwa, alitokea. Mama Kocha alipougua, mliwapa wao wawili watoto wadogo wawafundishe, na Springi ndiye aliyeanza. Akawarukia mruko mmoja mzuri ajabu. Watoto wakapiga makofi. Wakamwomba awaeleze namna ya kufanya, naye akafikiri kwa dhati kabisa, akasema, “Mnaruka tu.” Wakaruka tu. Uwanja ukajaa makabati.

Zamu ya binti yangu ilipofika hakuruka hata mara moja. Alikaa chini nao. Akamwambia huyu unainamia mgongo, akamwambia yule usimsukume mwenzako, akamwonyesha mwingine aliyekuwa akilia kiasi cha kupitisha barua, akamwambia mimi nilianzia hapa. Na nikamwona Springi naye, hamtaamini, anakaa pembeni ya watoto na kutanua miguu, kwa sababu alikuwa na tabia ya kutua miguu imeachana na hakuwahi kujua kwa nini. Kabati alijua. Alikuwa ametua hivyo mwaka mzima. Springi, nimesema uongo? Anacheka. Kaa mama, asante.

Mama Kocha, wewe unakwenda kupumzika, na najua hutapumzika. Jirani yako mpya ajiandae. Ulimpokea mtoto ambaye hata baba yake alimcheka, ukakaa naye sakafuni mpaka akainuka. Tumekuletea zawadi ya mlango. Nimeutengeneza mwenyewe, bawaba za shaba, haupigi kelele, na haupigwi teke.

Mheshimiwa Mwenyekiti, chai inapoa, na mtu mwenye njaa huchagua haraka. Umesema unamtaka aliyezaliwa nacho, na mimi nimesimama hapa nikakuhakikishia kwamba binti yangu amekirithi kwangu, nawe ukatikisa kichwa kukubali. Basi kabla hujaingia chumba kile, nakuomba unisamehe, kwa sababu sipendi mwanangu achaguliwe kwa nyonga zangu.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia na kunisikiliza.

Ile bahati niliyojisifia ni uongo mtupu. Sijawahi kupiga msamba maisha yangu yote. Siku ile karakana nilishindwa kuinuka, Kabati ndiye aliyekuja kuninyanyua. Na viatu hivi, leo asubuhi, kamba amenifungia yeye.